Chumba cha Watu wa Kisiwani

Harufu ya polishi ya sakafu hunikasirisha hadi leo. Nikiisikia, narudi kwenye jumba la makumbusho mjini Meru, nyanya amenishika mkono. Alitaka nione chumba cha watu wa Mbwaa, kisiwa ambacho wazee wetu wa Kimeru husema ndiko tulikotoka.

Kijana aliyetutembeza pamoja na wageni wengine alielekeza kidole kwenye vazi la ngozi ndani ya kabati la kioo. “Hawa watu waliisha kitambo,” akasema.

Nyanya akasimama mbele ya kioo. “Waliisha namna gani? Mama yangu alivaa hiyo akinibeba mgongoni. Mimi niko hapa.”

“Cucu, songa kidogo, wageni waone,” kijana akajibu huku akicheka, kana kwamba ni nyanya yake.

“Waniangalie mimi!”

Hakusonga. Askari aliitwa, akamvuta nyanya mkono hadi nje kama mwizi, mimi nikimfuata huku nikilia kwa hasira.

Barabarani nyanya akaanza kunitajia kwa Kimeru majina ya mama yake, nyanya yake, na waliowatangulia. “Rudia!” akaniamuru. Nikayarudia kwa kelele, watu wakigeuka kututazama.