Walii wa Zena

Saburi Pazi alikuwa mkwezi hodari wa Kisarawe, na ni kwa kuangua nazi za watu wa Janga ndipo alipompata Mwanakheri. Alimpenda, naye akapendwa, mimba ikatangulia posa. Kosa hilo hakulikana hata siku moja. Lile la pili, Mungu atamuuliza mjomba wake Salehe.

Siku ya kikao cha wazee, mwaka wa sitini na tano, Saburi alikaa mkekani ameinamisha uso kama alivyofundishwa. Mwenye haja hasemi mbele ya wakwe, husemewa. Msemaji wake alikuwa huyo Salehe, mtu aliyejiona fundi wa maneno, kumbe hovyo kabisa. Alidhani akianza kwa kukataa, wenye binti watalegeza masharti.

"Mimba hiyo sisi hatuijui," akasema.

Moyo ulimpasuka Saburi, lakini adabu ikamfunga mdomo. Baba yake Mwanakheri alimtazama, akangoja. Saburi akazidi kuinama.

"Basi," mzee akainuka. "Mtoto ni wetu."

Adabu gani hiyo, ya kumwacha mtu apokonywe damu yake huku ametulia tuli? Kesho yake alirudi peke yake kuyakana maneno ya mjomba. Mashaka, kaka yake Mwanakheri, akamtoa mbio kwa mchi wa kinu. "Jana ulikuwa bubu?" akamfokea njia nzima.

Mwanakheri akaozwa kwa mume mwingine huko Bagamoyo. Mtoto, Zena, akabaki kwa bibi yake. Saburi alikwenda mahakama ya mwanzo. Hakimu akamsikiliza, kisha akamwambia kuwa mtoto wa nje ya ndoa ni wa upande wa mama, na aliyekana mimba mbele ya wazee hana la kudai. Ilipokuja operesheni ya vijiji, akaomba kiwanja Janga, apate japo kumwona. Akamwona kweli: kisimani, shambani, akienda shule.

"Shikamoo, mzee," binti humwambia, kama anavyomwamkia mpita njia yeyote.

Saburi aliwachukia wale watu chuki ya kweli. Alilala nayo, akaamka nayo.

Mwaka wa themanini na nne Zena akaposwa. Ndoa ya Kiislamu haifungwi bila walii wa kumwozesha binti, na Saburi akaona hapo ndipo penye haki yake. Akaazima kanzu, akapanga foleni ya sukari kwenye duka la kijiji, akaipeleka kwa Mashaka.

"Nimekuja kumwozesha mwanangu."

"Mwanao yupi?"

"Mashaka, tumeshaota mvi. Nani hapa asiyejua?"

"Sukari tutaipokea, shughuli ina wageni. Wewe kaa na wenzako huko. Ukileta maneno, wallahi nakutoa mbele ya wakwe."

Sukari ikaingia ndani, mletaji akabaki nje.

Sheikh aliletwa kutoka Mlandizi. Sheikh huyo hakuwa akimjua Zena. Saburi akamsogelea.

"Sheikh, mimi ndiye baba yake."

"Ulimuoa mama yake?"

"Walininyima."

"Basi huwezi kuwa walii." Sheikh akamgeukia Mashaka, ambaye tayari alikuwa amekaa mahali pa walii na kurekebisha kofia. "Na wewe, mjomba wa kukeni, huwezi pia. Nitamwozesha mimi."

Uso ulimshuka Mashaka, na Saburi, Mungu amsamehe, akafurahi.

"Binti anaitwa nani?" sheikh akauliza.

"Zena," Saburi akawahi kabla ya wote.

"Zena binti nani?"

Watu wakatazamana. Mashaka akakohoa, akamkazia Saburi macho.

"Binti Mwanakheri," Mashaka akasema.

Sheikh akaushika mkono wa bwana harusi, akamwozesha Zena binti Mwanakheri, kisha akainua mikono kuwaombea dua. Watu wakaitikia amina. Saburi naye akaitikia, kwa sauti kubwa kuliko wote, machozi yanamtiririka, na hakuna aliyeweza kumkataza.