Sauti ya Mdogo Wangu Kwenye Kaseti

Mdogo wangu alitoa albamu. Nasema albamu kwa sababu ukisema kaseti mbele yake alikuwa ananuna. "Dada, kaseti ni plastiki," alikuwa ananiambia. "Hii ni albamu. Ya kwanza, na zitakuja nyingine." Haikuja nyingine.

Tulikuwa tunakaa Mabatini, vyumba viwili vya kupanga, mimi, yeye na mama. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha kuchambua pamba. Ushirika ulipoyumba na wafanyabiashara binafsi wakaingia, wakampunguza kazini, akarudi Magu kulima mpunga, tukawa tunamwona baada ya mavuno. Mama alikaanga samaki pale mlangoni, mimi niliuza mitumba. Mdogo wangu alipata kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki, kupakia maboksi na kuyasindikiza mpaka uwanja wa ndege, na huko uwanjani ndiko alikokutana na lile balaa.

Mzungu mmoja, fundi wa ndege za mizigo zilizokuwa zinakuja kubeba samaki, alimpa kaseti ya bendi ya vijana wa mtaani kwao. Nadhani hata huko kwao bendi yenyewe ilijulikana kwa mama zao tu. Jina lao lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizosokotana kama mizizi, hatukuwahi kulisoma. Na ndani, jamani, sijui niseme nini. Magitaa yanakwaruza, ngoma zinakimbizwa, na mtu anapiga ukelele kama anachinjwa. Nilidhani redio imekula mkanda. Mdogo wangu akasema hapana, ndivyo ulivyo, muziki huu unaitwa bleki metali, na hii ni ile ya kizamani, ya mwanzo kabisa, wanaurekodi vibaya makusudi. Nikamwambia hapa Mwanza tunaweza kurekodi vibaya hata bila makusudi. Akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe nilikuwa nimempa wazo.

Alipata wenzake wawili. Mmoja alikuwa na gitaa lililobaki kwenye bendi ya dansi iliyokufa, mwingine alikuwa mpiga ngoma wa kanisani mpaka walipomtimua. Nyimbo alitunga yeye mwenyewe. Yule mzungu alikuwa amemweleza kwamba wa kwao wanaimba habari za theluji na misitu ya giza. Mdogo wangu akasema theluji hatuna, basi akaimba magugu maji yaliyofunga ziwa mitumbwi ikashindwa kutoka, akaimba mawe yetu ya mlimani, akaimba kinu cha baba kilivyonyamaza. Maneno yalikuwa mazuri mno, nayajua kwa sababu alinisomea tukiwa tunasubiri ugali uive. Ukiyasikia kwenye wimbo huambulii hata moja.

Siku ya kupiga picha ya jalada walijipaka unga wa muhogo usoni. Mama akawakuta nyuma ya nyumba, weupe kama wametoka kaburini. "Watu wanatafuta unga wa kupika, nyie mnajipaka?" Akawanyang'anya bakuli, akaingia nalo ndani. Majirani walianza kunong'ona kwamba pale kwetu kuna mambo. Wazee wa kanisa wakaja kutuombea. Mdogo wangu akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akawaletea maji ya kunawa, akainamisha kichwa, na walipomaliza akasema amina ya kusikika. Mashetani gani hayo? Yule mtoto alikuwa na adabu kuliko mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naongoza mapambio.

Walirekodi Jumapili mchana kwenye ghala tupu la pamba. Mlinzi alikuwa anamfahamu baba, akatufungulia. Walitaka ghala kwa sababu ya mwangwi. Redio kaseti ya kurekodia waliazima kwa jamaa mmoja mwenye kibanda cha kurekodi kaseti pale Mabatini, na mkanda pia ulikuwa wake. Walikubaliana hivi: akishawatolea nakala zao, mkanda wake anauchukua na kuutumia kwa kazi nyingine. Mimi nilipelekwa kubonyeza. Nikabonyeza mara moja, nikauacha mkanda uende wote, sikujua kusimamisha kila wimbo unapoisha. Na nilishindwa kuvumilia, nikacheka. Wimbo ulipoisha akaja pale nilipo, jasho linamtoka, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Dada, ukicheka tena nakutoa nje." Baadaye akauliza, "Dada, ledio inarekodi?" Nikamwambia inarekodi. Hivyo ndivyo alivyosema, ledio, hata shule haikumtoa lafudhi hiyo.

Mwaka ule haukuisha. Alirudi kutoka kiwandani analalamika kichwa, tukampa vidonge, tukadhani ni malaria ya kawaida. Ilimpanda kichwani. Mpaka tunafika hospitali alikuwa hamjui mama, na wiki ile ile tukampeleka Magu kumzika. Watu waliniambia nitazoea. Sijazoea, na wameacha kuniambia.

Tulivyorudi Mabatini baada ya matanga, mama aliwasha jiko lake kama kawaida. Siku moja anawatia samaki chumvi, akaacha, mikono ikabaki hewani.

"Naanza kuisahau sauti yake," akasema. "Sura ninayo, picha ile ya unga ipo. Sauti inaniponyoka. Usiku najaribu, haiji."

Nikamwambia, "Mama, sauti ipo. Ipo kwenye albamu. Anaongea, ananiita mimi." Nilimwona alivyoinuka. Hakunawa hata mikono. Nakala ya mdogo wangu sikuwa nimewahi kuisikiliza, maana makelele niliyoyasikia ghalani yalinitosha. Nikaweka. Wimbo ukaisha, pakakatika, ukaanza mwingine. Ukaisha, pakakatika. Nikageuza upande wa pili, vilevile. Mama ananiangalia mimi, haiangalii redio. "Anaongea wapi?" akaniuliza.

Nikaenda kwenye kile kibanda karibu nikimbie. Yule jamaa alinipa pole vizuri, akanikaribisha benchi. Nikamwuliza maongezi yako wapi. Akanieleza kwa furaha kabisa, "Zile porojo za katikati niliziondoa zote, dada. Wimbo ukiisha nakata. Nilitaka kazi yake itoke safi, kama za wakubwa." Nikauliza ule mkanda wa ghalani. "Umeingia kwaya," akasema. "Nimerekodi juu yake." Wale wenzake wawili wa mdogo wangu nakala zao alizitoa yeye pia, kwa mkono ule ule, zote safi.

Nilitaka kuipindua meza yake. Nilimtolea maneno ambayo sitayaandika hapa, na maskini hakuwa amekosa, alikuwa amefanya kazi yake kama inavyofanywa, tena kwa upendo. Alizima muziki wa kibanda, mchana ule, wateja wamesimama, akakaa pembeni yangu mpaka nilipomaliza kulia.

Nilimweleza mama ukweli. Nilidhani ataanguka. Akanawa mikono, akafunga kanga, akasema, "Lete hiyo iliyopo."

Mama yangu, mwanakwaya, aliyewahi kutishia kuitupa ile redio chooni, alikaa kwenye kigoda akasikiliza bleki metali kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakukunja uso. Alikuwa anatafuta, kama anavyotafuta mawe kwenye mchele. Halafu akasema nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasema tena. Baada ya mara kadhaa akanishika mkono.

"Hapo. Kabla hajapiga ukelele. Anavuta pumzi."

Niliweka sikio kwenye spika. Gitaa linakatika, panakuwa na mchakacho wa mkanda, halafu ukelele.

"Sisikii, mama."

"Huyo hapo." Akanirudishia. "Umelala naye chumba kimoja tangu anazaliwa, humsikii?"

Hakusema kwa ubaya. Alishangaa tu. Lakini neno lile lilinichoma, na mpaka leo linanichoma, kwa sababu ni kweli nililala naye chumba kimoja, nilimbeba mgongoni, nilimfundisha kuvuka barabara, na nilikuwa sisikii.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jioni vyombo vikishaoshwa, mama anakaa karibu na redio, anatafuta pale pale, anasikiliza, anabonyeza kusimamisha kabla ukelele haujaanza. Anarudisha. Uso wake unalegea, anakuwa mama wa zamani. Mimi ananivuta karibu, ananiwekea sauti juu. Nilimwambia kila mara kwamba sisikii, nisingeweza kumdanganya kwenye jambo lile. "Utamsikia tu," ananiambia. "Usiharakishe." Baba alipokuja na magunia yake ya mpunga naye akakalishwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Ndiye," akatoka nje kujifuta macho. Hata baba.

Sasa wote wawili wamekwenda. Mama alikwenda wa mwisho, na sikumwekea kaseti jeneza lilipofungwa, ingawa dada zake walinishauri. Niliibakiza. Redio za namna ile zimeadimika, nilizunguka sana mpaka nikapata moja kwenye mitumba.

Ni wimbo wa pili, upande wa kwanza. Kidole changu kinapajua kuliko ninavyozijua njia za kwetu. Nasimamisha pale pale mama alipokuwa anasimamisha, narudisha, naweka sikio kwenye spika. Nasikia gitaa likikatika. Nasikia ukelele. Yeye simsikii.