Santuri ya Mwalimu na Sindano ya Karim
Hasira zangu hazijaisha, na wa kupigwa makofi ni mimi. Mimi ni fundi redio hapa Shinyanga. Mwalimu Mmarekani aliniletea gramafoni yake, nikaitia sindano mpya kutoka duka la Mzee Karim. Kuijaribu kwa santuri ya mwalimu, kelele tupu: magitaa kama bati linaloburutwa, mwimbaji anabweka. Nikafungua, nikafunga, kelele zile zile.

Nikaenda kumtukana Karim mbele ya wateja wake kwamba anauza sindano mbovu, nikamburuta aje asikie mwenyewe.

Mwalimu akatukuta kwangu, santuri inalia. Akasikiliza, akaanza kutikisa kichwa kwa raha.

"Hawa vijana wa kwetu ndivyo wanavyopiga. Asante, fundi, imepona."

Karim akanishika mkono.

"Twende dukani, fundi. Wateja bado wapo."