Vifaranga wa Rafu ya Chini

Maabara nzima ilimwita Shangazi, na jina lilimkaa, maana alikuwa na yale macho ya shangazi anayeingia nyumbani kwa kaka yake akaona vumbi juu ya kabati kabla hajasalimia. Alikuwa fundi sanifu wa maabara ya samaki, diploma yake imening'inia sebuleni juu ya televisheni. Mumewe, seremala aliyependa utani kuliko mbao, hakuchoka kumchokoza: "Samaki gani hao unaowalea miaka nenda rudi, hata mchuzi hawatoi?"

Kweli, mchuzi hawakutoa. Walikuwa wadogo kama kidole cha mtoto, wana milia ubavuni, na vifaranga wao walipitisha mwanga kama kioo. Ukiwaweka kwenye hadubini unauona ubongo unavyojijenga. Profesa alitaka kujua jambo moja tu: ni jeni gani inayoziamuru seli fulani za ubongo ziwe za kutengeneza homoni. Seli hizo zilitiwa alama, ziking'aa kijani. Ukiharibu jeni na kijani kisionekane, basi umeipata. Shangazi aliitafuta jeni hiyo miaka mingi, akijaribu hii, akijaribu ile, na kila mara kijani kilikuwa pale pale, kinamkodolea macho. Hata hivyo Profesa alikuwa akiingia asubuhi anamwulizia yeye kwanza, na hilo lilimtosha.

Halafu akaja Kidosho. Mwanafunzi wa uzamivu, mwembamba, mwepesi wa kucheka, mara yuko huku, mara yuko kule. Shangazi ndiye aliyemfundisha kuchoma yai la samaki kwa sindano ya kioo bila kulipasua, akamshika mkono kama mtoto anayejifunza kuandika. Haukupita muda, Profesa akifungua mlango swali lake ni moja: "Kidosho ameonaje?" Tusipake rangi hapa. Shangazi aliona wivu. Na si ule wivu mdogo wa kubetua midomo ukapita. Ulikuwa wivu wa ukewenza, wa kusikia kicheko chumba cha pili na chai ikakushinda kumeza.

Siku moja mchana Kidosho akapiga ukelele. "Shangazi, njoo uone! Hakuna kijani! Hakuna kabisa!"

Shangazi akainama kwenye hadubini. Kisahani cha kwanza kilikuwa na vifaranga wazima, kijani kimejipanga ubongoni. Kisahani cha pili kilikuwa na wale walioharibiwa jeni, na humo giza tupu. Roho ilimchoma. Yeye amekesha na samaki hawa, ujana wake wote umeishia kwenye matangi haya, leo mtoto wa juzi aje aokote tu!

Kisha akaona macho. Vifaranga wazima walikuwa na macho meusi tayari. Hawa wengine yao yalikuwa meupe. Akageuza shingo taratibu, akalitazama kabati la joto walimolelewa vifaranga. Kidosho alikuwa amewaweka wazima rafu ya juu, na hawa wengine rafu ya chini, karibu na mlango usiofunga vizuri, penye baridi. Kifaranga akipigwa na baridi huchelewa kukua, na macho yake huchelewa kuwa meusi. Kwa hiyo seli hazikukosekana, bali wakati wake ulikuwa haujafika. Msichana alikuwa amemlinganisha mtoto wa chekechea na wa darasa la nne, kisha akashangaa huyu wa chekechea hajui kuzidisha.

Maneno mawili tu yalitakiwa: angalia macho. Shangazi aliyameza.

"Hongera, mwanangu," alisema.

"Ahsante! Kesho wanakuja wale wanaonifadhili, nitawaonyesha picha hizi hizi. Wakiridhika, nabaki. Hawa wamwage tu, Shangazi yangu, mi nakimbilia kuandaa maelezo."

Shangazi hakuwamwaga. Aliwahamishia rafu ya juu. Alishapanga: kesho watakuwa wamekua, kijani kimewaka, na yeye ataingia nao ukumbini mbele ya wageni, kwa upole kabisa, aombe radhi kwa kukatiza. Jioni alipika huku akiimba, mpaka mumewe akachungulia jikoni. "Kulikoni? Umepandishwa cheo?"

"Bado," akajibu.

Asubuhi aliwatangulia hata wafagiaji. Macho ya vifaranga yalikuwa meusi ti, mikia inarukaruka. Akawasha taa ya hadubini. Giza. Akafuta lenzi, akachukua kisahani kingine. Giza. Hapakuwa na hata chembe ya kijani. Kidosho alikosea njia nzima na bado akafika. Jeni ilikuwa ndiyo hiyo.

Shangazi akasimama kwenye sinki, visahani mkononi. Si aliambiwa amwage? Nani angemlaumu? Akafungua maji. Akafunga. Akafungua tena. Tusimsingizie wema, hakumwonea Kidosho huruma hata kidogo. Alichoshindwa ni kuua kitu alichokitafuta miaka yote hiyo. Akavirudisha kabatini, akaenda kukaa kiti cha nyuma ukumbini.

Kidosho aliongea vizuri, na Profesa alitabasamu kama baba wa bibi harusi. Ndipo mgeni mmoja, mama wa miwani, akanyoosha kidole. "Hawa macho yao meupe, wenzao meusi. Una hakika si wachanga tu?"

Kidosho akaigeukia picha. Uso ukamsawijika. Shangazi alionja utamu aliokuwa akiungoja, na ulikuwa utamu kweli.

"Si... sikuangalia," Kidosho alisema. Profesa akainamisha kichwa.

Shangazi akajikuta amesimama. "Wapo kabatini. Wamekua, macho meusi. Nimewaangalia asubuhi, kijani hakuna."

Kikao kizima kikahamia maabara. Wakapokezana hadubini, wakaguna, wakapeana mikono. "Bila wewe tungeumbuka," Profesa alimwambia Shangazi, akatoka na wageni.

Wakabaki wawili.

"Nilikwambia uwamwage," Kidosho alisema polepole. "Mbona uliwaweka?"

Angeweza kusema ni mazoea, ni tahadhari ya kazi. Lakini msichana alikuwa akimtazama kwa shukrani, na shukrani ile ilimkera kuliko yote.

"Macho niliyaona jana. Niliwatunza waje wakuumbue."

Kidosho akavitazama visahani. "Jana ulinipa hongera."

"Nilikupa."

Msichana akavichukua visahani mikononi mwake, akafungua kabati, akavipanga mwenyewe kimoja kimoja. Kisha akaufunga mlango wa kabati, akasimama kuukinga, akasubiri Shangazi atoke.