Machipukizi Matatu ya Mwisho

Kwa miaka kumi na mmoja Felista alikuwa fundi wa maabara mjini Morogoro, na katika miaka yote hiyo alisema uongo kazini mara moja tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Wachuuzi walipanda Mgeta kutafuta kabichi, wakakuta na mizizi ya mti wa dawa ya uzazi, iliyonywewa na wanawake wa ukoo wa Felista tangu enzi. Wakaing'oa kwa magunia kama viazi, hata aibu hawakuona! Ukabaki mti mmoja, kando ya makaburi ya ukoo, chini ya ulinzi wa mjomba Fidelis. Na kwa Waluguru, mjomba akishasema, amesema.

Mjomba alimchimbulia Felista machipukizi manne akayaoteshe kwenye chupa, akampa na sharti. "Udongo wa wazee usiutupe, mpwa wangu."

Hapo ndipo penye kazi. Maabarani, kila kipande hulowekwa kwenye jiki ya kuua vijidudu dakika kumi, kikasuuzwa, ndipo kikapandwa kwenye rojo lenye sukari. Kikiingia na uchafu kidogo tu, ukungu hula sukari hiyo hiyo. Felista alilijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu. Lakini jiki ingeuondoa udongo wa wazee, na mkono ulikataa. Akayachovya na kuyatoa, basi. Siku ya nne chupa zote zilikuwa nyeupe kwa ukungu. Mkuu wake, Dokta Aisha, alipouliza kama aliyaloweka sawasawa, Felista alijibu, "Ndiyo, dakika kumi."

Neno hilo lilimnyima raha wiki nzima. Mti ulikuwa umebakiwa na machipukizi matatu. Mficha uchi hazai; Jumamosi akapanda Mgeta, akamweleza mjomba yote huku akilia.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa, mjomba."

"Umeniogopa mimi, ukayaua manne."

Mzee akachukua jembe. Kisha akayachimbua yote matatu, akapiga magoti makaburini, akaanza kuyasugua kwa kidole gumba, udongo ukirudi chini kidogo kidogo.

"Nilisema usiutupe. Sikusema ushuke nao. Udongo ubaki kwao. Haya kayaoshe mnavyoosha."

Jumatatu Felista alianza kwa kumwambia Dokta Aisha ukweli. Alikaripiwa, na alistahili. Kisha akayaloweka dakika kumi kamili, macho kwenye saa.

Miezi sita baadaye mjomba alishuka mjini. Akavua viatu mlangoni, akasimama mbele ya chupa arobaini, kila moja na mche wake wa kijani uliotokana na yale matatu. Alizitazama muda mrefu.

"Kule juu hakuna kitu tena," akasema. "Ule mti ulikauka. Nilipokuwa nachimbua yale matatu nilijua hautachipua tena."

Felista akamgeukia. "Ulijua, mjomba, na bado ukanipa mimi? Baada ya yale niliyofanya?"

"Ningempa nani?" mzee akajibu. "Waliong'oa miti mingine hawakurudi kuniambia walichofanya."