Kilima cha kwetu nilikipandisha mpaka Kilimanjaro

Kabla hujanihurumia, jua kwanza kwamba kosa ni langu. Barabara haina hatia. Mvua haina hatia. Na mimi ndiye niliyesomea barabara!

Nina shahada ya uhandisi na bado natafuta kazi. Nipo nyumbani, kijijini Buger, napalilia maharage na kuwaza. Kuwaza ndiyo kipaji changu. Nikiitwa, najiuliza kwanza nitangulize mguu upi.

Mchumba wangu, nimwite Ema, ni kijana dereva wa watalii, mjini Karatu. Karibu kila siku anashusha gari kreta ya Ngorongoro na kulipandisha tena. Wazee wake walipokubaliana na baba siku ya kuleta posa, mimi nikakosa usingizi kwa sababu ya kilima cha kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na garini watakuwemo wazee. Je, likirudi nyuma?

Basi, nikapima. Chini ya kilima programu ya simu ikasema kimo ni 5,480. Juu, mlangoni kwetu, 5,830. Tofauti, 350. Umbali wa mlalo niliupata kwenye ramani: mita 1,100. Gawanya, zidisha kwa mia: mwinuko wa karibu asilimia thelathini na mbili!

Nikagawanya tena kwa kalamu. Jibu lile lile. Mtu mwingine angekumbuka kwamba malori ya mahindi hupanda pale kila msimu. Mimi nilijiambia tumekuwa na bahati miaka yote hiyo.

Nikampigia Ema. "Acheni gari chini, mpande kwa miguu."

"Kilima kile? Mbona cha kawaida?"

"Ema, nimekokotoa!"

Akacheka. "Haya, injinia wangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Ndugu yangu, wakapanda. Wazee wamevaa suti, suruali wamezikunja hadi magotini, matope yameganda viatuni mpaka kila mmoja ana miguu ya tembo. Mbele alikuwa baba mdogo wa Ema, amekumbatia kibuyu cha pombe ya asali, maana babu yangu alishasema posa isiyo na asali haisikilizwi. Kwenye kona ya mwisho mzee akateleza, akakaa chini kwa kishindo. Kibuyu kikapasuka.

Na unajua nini kilipita wakati huohuo? Lori la matofali! Limejaa pomoni, linapanda taratibu, utingo amekaa juu anatafuna muwa. "Shikamooni wazee!" akapaza sauti. "Gari limewaharibikia?"

Wakafika mikono mitupu. Baba aliwatazama, kisha akamgeukia Ema. "Kijana, unashuka kreta na Wazungu, halafu kilima cha kwetu unakiogopa? Wazee wako unawaswaga matopeni kama mbuzi wa mnada?"

Hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Ningesema, "Baba, ni mimi." Maneno matatu! Lakini nilianza kuyapanga: nitangulize samahani au nitangulize hesabu? Nikiwa bado napanga, Ema akainamisha kichwa. "Nisamehe, mzee. Nilikadiria vibaya."

Akaibeba aibu yangu mbele ya watu wote. Nami? Nikaenda jikoni kukoroga mchuzi uliokwisha kuiva!

Posa haikusikilizwa. Wageni wakala, wakashukuru, wakaanza kushuka, baba mdogo akichechemea.

Nikamfuata Ema na simu, kumwonyesha vipimo, eti ajue sikubahatisha. Akaitazama sana.

"Kilele cha Kilimanjaro ni mita ngapi?"

"Elfu tano mia nane tisini na tano."

"Na hapa kwenu?"

Nikaangalia. 5,830. Pembeni, kwa herufi ndogo: futi.

Mungu wangu! Kumbe kwa hesabu zangu tunaishi jirani na theluji, na bado tunavuna maharage! Nilichukua futi nikazigawa kwa mita. Futi 350 ni kama mita 107 tu. Mwinuko haufiki hata asilimia kumi.

Ema hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. "Hesabu nimekusamehe," akasema. "Lakini baba yako ananiona mwoga, na wewe ulikuwepo. Nitarudi siku utakayomwambia."

Nilizunguka na maneno hayo hadi maharage yakatoa maua. Juzi nikamwambia baba. Nikaanza kumweleza futi na mita, akanikatiza.

"Yaani kijana wa watu nilimtukana kwa ajili yako, ukanyamaza?"

"Ndiyo, baba."

Akainuka, akachukua kofia yake.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Karatu. Kumwomba radhi mkwe wangu." Alipofika mlangoni akageuka. "Nishuke kwa miguu, injinia, au bodaboda itaweza?"

Ninyi mnaopenda kukokotoa, nawaomba: msirudie kugawanya tu mkadhani mmehakiki. Someni na yale maandishi madogo pembeni. Na ukikosea, sema hapohapo, hata kama maneno hayajapangika. Aibu yako usimwachie mwenzako aipandishe mlima.

Kwa kina Ema asali ya pombe imeshalowekwa upya. Siku ya posa wageni watapanda na gari hadi mlangoni, na simu yangu itakaa kwa mama.