Wembe Uliopewa Sifa

Nyinyi vijana mtakaoshika karatasi hizi, wenye watoto na wenye kuzaa kesho, kaeni mnisikilize. Sitaki mtu aniambie, "Hayo bibi ni ya zamani." Si ya zamani. Mtoto mwenyewe yupo, ana miaka mitano, hivi ninavyoandika anachambua dagaa uani kwangu, na akikuta aliyeoza anamrushia kuku bila kuambiwa. Akili anayo kuliko baadhi yenu. Kinachomshinda ni kutoa neno.

Shule sina nyingi. Nilikaa chuoni nikasoma Kurani, nikakaa madarasa mawili matatu ya Kireno, nikaolewa. Nitaandika kama ninavyosema. Na ninayoyasema yanatia kinyaa, na sehemu ya kinyaa hicho niliitengeneza kwa mikono yangu hii.

Mtoto ni wa binti yangu wa mwisho. Alizaliwa mzima, akatambaa, akatembea kwa wakati wake. Kufika miaka miwili alikuwa na neno moja tu, "ma". Mama ni ma, maji ni ma, paka naye ni ma. Tukasema atasema. Mitatu ikafika, bado. Binti yangu akaanza kusema labda ni mshtuko, kwa kuwa vita vilipotukimbiza mjini, kabla hatujarudi, mtoto alikuwa mchanga, hajatimiza hata mwaka.

"Wangapi walikimbia migongoni mwa mama zao," nikamwambia, "na leo wanatukana watu barabarani? Mshtuko huo ulimchagua wako peke yake?"

Alipoingia mwaka wa nne maneno yalianza kuja, lakini yalikuja vibaya. Samaki leo alikuwa "mami", kesho "taki", kesho kutwa "aki". Neno lile lile halikutoka mara mbili kwa sura moja. Na kadiri ulivyomwomba arudie, ndivyo lilivyozidi kuharibika. Utaona midomo inakwenda huku, ulimi unakwenda kule, kama mtu anayepapasa mlango gizani. Halafu siku moja kuku aliingia kwenye sinia la mchele, mtoto akapiga kelele, "Toka!" Safi kabisa, kama mimi. Nikamwita mama yake mbio. "Sema tena, mwanangu, sema toka." Akajaribu, akatoa jasho, hakuna kitu.

Mdogo wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja tangu afiwe na mume, akapiga makofi. "Mmeona? Anaweza, hataki. Kiburi kitupu."

Basi ikaanza michezo ya wageni. Kila anayeingia kwetu kunywa chai anaitiwa mtoto. "Hebu sema samaki upewe bolacha." Biskuti inashikwa juu, mtoto anaitazama, anasukuma midomo, anatoa anachotoa, watu wazima wanaanguka kwa vicheko. "Huyu kazi ya gesi anaipata! Lugha ya wale wazungu wanaochimba gesi huko baharini anaijua!" Watu waliokwenda hija, watu wenye wajukuu, wanashika mbavu. Na mimi nilicheka. Mara moja, lakini nilicheka, na mtoto alinitazama mimi, hakuwatazama wao. Nikikumbuka ule mdomo wangu ulivyokuwa wazi, napata hamu ya kutema mate.

Ndipo mdogo wangu akasema lile linalosemwa pwani yote hii. "Dada, huyo ana udata. Kwani ni vigumu kujua?"

Kwa asiyejua: udata ni kile kikamba cha nyama chini ya ulimi. Kikiwa kifupi mno, ulimi unafungwa chini, haunyanyuki. Wapo watoto wenye udata kweli. Lakini kwetu mtoto yeyote akichelewa kusema ana udata. Asiyesema kabisa, udata. Anayesema nusu, udata. Anayetokwa mate, udata. Anaitwa mzee wa mtaa, fundi wa kukata, anakuja na wembe. Na kwetu mama mzazi haruhusiwi kushika mtoto, anatolewa nje asije akalia na kuharibu kazi. Kichwa anashika bibi mzaa mama.

Yaani mimi.

Nilimweka kwenye mapaja, nikamfunga kichwa kwa mikono miwili. Fundi alitoa wembe kwenye karatasi yake, mpya, sisemi uongo. Kisha akaupulizia kwa kinywa chake, akaufuta kwa kidole gumba, na kidole hicho hicho kikaingia kinywani mwa mtoto. Kilikuwa na harufu ya tumbaku na kucha ndefu yenye uchafu mweusi chini yake. Nilikiona. Nilikiona, na sikuachia kichwa. Mtoto alimng'ata. Yule mzee akampiga kofi dogo la shavu, akasema, "Meno makali, maneno hamna," na waliokuwepo wakacheka tena. Damu ikachanganyika na mate ikashuka kwenye kanga yangu. Wakasugua chumvi. Mdogo wangu akapiga kigelegele.

Tukasubiri maneno. Siku saba, hamna. Mwezi, hamna. Kilichotokea ni kwamba hata lile "ma" lilikwenda. Mtoto alifunga mdomo. Akila, aligeukia ukutani. Mtu akimsogelea usoni, hata kumfuta makamasi, anaziba kinywa kwa mikono yote miwili. Alikuwa na maneno mabovu, sisi tukamwacha bila neno lolote.

Na mdogo wangu alisema nini? "Hakukata vya kutosha. Nyama imeunga tena. Akate mara ya pili, aingie ndani zaidi."

Binti yangu alinijia nikiwa nasugua sufuria. "Mama, mama mdogo ameshaongea na fundi. Nifanyeje?"

"Wewe unataka?"

"Sitaki. Lakini akija kuwa bubu watasema mimi nilikataa."

Hapo nikaona tulipofika. Mtoto atakatwa tena ili mama yake asisemwe. Nikamwambia afunge nguo za mtoto, twende hospitali juu mjini. Binti yangu alikuwa amesikia kwamba kuna mwanamke amekuja kwa muda kutoka mkoani, kazi yake ni watoto wasiosema. Mdogo wangu akatucheka mlangoni: "Mtu wa bara aje awafundishe nyinyi ulimi!"

Kweli alikuwa wa bara, Kiswahili chake kina Kimakonde ndani, msalaba mdogo shingoni. Hakumwambia mtoto sema. Alikaa chini sakafuni akatoa vifuniko vya chupa, wakavipanga. Muda mrefu, mpaka mgongo wangu ukaniuma kwenye benchi. Kisha akapaka asali kidogo juu ya mdomo wake mwenyewe, akailamba, akampaka mtoto. Mtoto akalamba, ulimi ukapanda juu bila taabu. Akamwambia, "Sasa nilambie bila asali, kama mimi." Mtoto akatazama, akataka, ulimi ukazunguka ndani usijue njia. Mwanamke akasema "pa pa pa". Mtoto, wallahi, baada ya miezi ile yote, akajibu "pa pa pa". Ta, akajibu. Ka, akajibu. Mwanamke akaziunga, "pataka". Mtoto akaanza, akakwama, akatoa "papaka", akatoa "taka", akaziba kinywa.

Mwanamke akamsubiri aondoe mikono mwenyewe. Akamulika chini ya ulimi na tochi. Aliona kovu. Akauliza polepole, "Hapa amekata nani?"

Binti yangu akatazama sakafu. Nikasema, "Fundi wa mtaani. Kichwa nilishika mimi."

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema, "Bibi, ulimi huu haukuwa umefungwa. Umeona mwenyewe ulivyofuata asali."

"Basi ana nini?"

"Neno analijua. Misuli ina nguvu. Ila ile amri ya kupanga sauti, ipi ianze na ipi ifuate, inapotea kabla ya kufika mdomoni. Mimi namwona upande huo. Lakini atarudi nimtazame tena na tena, sitaki kumpachika jina kwa siku moja."

Nikamuuliza. "Watoto kama huyu ni wengi?"

"Waliochelewa kusema ni wengi, bibi. Ukinikusanyia wote, walio wengi wamechelewa tu, au kuna sauti chache hazijakaa, na kwa muda zinakaa. Miongoni mwao wapo ambao shida iko kwenye mwendo wa mdomo wenyewe. Hao si nusu, hata karibu na nusu hawafiki, lakini si wa kupuuza. Na hao nao hawafanani. Wengine mdomo umechelewa kukomaa tu, hao ndio wengi wao. Wengine misuli ni legevu, utaona mate, utaona kutafuna kwa shida. Na wa aina ya huyu ni wachache sana. Kuna sehemu nilifanya kazi, kila mtoto aliyechelewa wanamwandikia ana hili la huyu. Uvivu wa kutazama."

"Na hapa kila mtoto tunamwandikia udata," nikasema.

"Ni uvivu ule ule," akasema, na binti yangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Akatupa kazi. Si dawa, ni kazi: kila siku, mara nyingi na kidogo kidogo, mtu mzima akae uso kwa uso na mtoto, aseme sauti fupi, mtoto atazame mdomo, afuate, kisha waunge mbili. Na anachoonyesha kwa kidole apewe bila masharti. Itachukua miaka, alisema.

Tulirudi kwa miguu, mteremko, mtoto katikati yetu. Kichwani nilikuwa nahesabu wale niliowaona mimi mwenyewe wakikatwa mtaani kwetu. Yupo aliyekuwa hasemi mpaka miaka minne, leo anauza nguo sokoni na hakuna anayemshinda kwa maneno. Wapo mapacha waliokuwa wakielewana wenyewe tu kwa lugha yao, leo wanaghani maulidi. Hao walikatwa, wakasema, tukapiga vigelegele, fundi akapata jina. Lakini hao wangesema tu! Ndio wale waliochelewa. Wangekatwa nywele wangesema. Wangekatwa kucha wangesema. Wembe ulikaa pembeni ukapokea sifa ya kazi ambayo Mungu alikuwa akiifanya mwenyewe kwa taratibu.

Na wale wengine? Yupo aliyekuwa akitokwa mate na upande mmoja wa mwili mzito. Alikatwa mara mbili. Alikuwepo yule mwanamke wa rika langu aliyejua nyimbo zote za harusi, anaziimba kwa pua bila kukosea hata mmoja, lakini ukimwambia taja jina la baba yako anakwama. Alikatwa mara tatu. Tukamwita bubu mpaka alipokufa, tukamwosheza masufuria ya harusi za watu maisha yake yote. Hao hatukuwahesabu. Ulimi haukufunguka, tukasema kosa lao. Nilisimama njiani nikashika ukuta wa mtu.

Tulipofika nyumbani, fundi alikuwa barazani kwangu. Mdogo wangu amemkaribisha, amempa chai na muhogo, na karatasi ya wembe imelala kwenye mkeka kando ya kikombe, kama kijiko. Mtoto alipomwona hakulia. Aliziba kinywa kwa mikono miwili na akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga magoti yangu.

"Mlete, dada," mdogo wangu akasema. "Safari hii nashika mimi, wewe mikono yako imekuwa laini."

"Babu," nikamwambia yule mzee, maana ni mkubwa kwangu, "maliza chai yako uende."

"Mimi nimefungua watoto wa mtaa huu wote," akasema. "Hata huyo anayewauzia nguo, ni mkono wangu."

"Na yule mwanamke wa masufuria? Mkono wa nani?"

Akasogeza kikombe chake. Kisha akasema, "Yule Mungu hakupenda."

"Haya. Wakisema ni mkono wako, wasiposema ni Mungu. Huoni aibu kumgawia Mungu mabaki? Nyanyuka kwenye mkeka wangu."

Aliondoka akinung'unika kwamba wanawake wakienda hospitali wanarudi na vichwa vikubwa. Wembe nikamrudishia mkononi mwenyewe, sikutaka ubaki nyumbani.

Mdogo wangu akaanza: nimemfedhehesha mgeni, nimemfedhehesha yeye, mtoto atabaki bubu na dhambi ni yangu. Nikamwacha amalize. Binti yangu alikuwa amesimama tu, ameshika viatu vyake. Nikawaita wote uani, na mkwe wangu, baba wa mtoto, aliyekuwa akishona nyavu, na nikawaambia haya, nami sijayabadilisha mpaka leo:

"Hakuna mkono utakaoingia kinywani mwa mtoto huyu, wa fundi wala wa ndugu. Atakayeuingiza atatafuta pengine pa kulala. Na kila anayekula kwenye sufuria yangu atakaa naye kila siku, uso kwa uso, zamu kwa zamu, mpaka sauti zishikane, hata ikiwa ni miaka. Wewe mdogo wangu unaanza. Kaa hapo mbele yake, mbali kidogo, asikuogope. Fungua mdomo wako auone. Sema pa."